Vepu ya kusuka mwenyewe: maneno kutoka Chanji

Poleni kwa ukimya wangu, kazi za mikoani mnazijua wenyewe: unalipwa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo ukikaa siku mbili unaandika mambo yako ya moyoni, siku ya tatu unakula ugali kwa kuutazama. Leo lakini nimeona niache yote niandike hili, maana limetokea nyumbani kwetu hapa Chanji na limenikosesha usingizi.

Jumamosi ya juzi mama alikuwa nyuma ya nyumba anachoma taka kwenye shimo. Wengi huku Sumbawanga ndivyo tunavyomaliza taka zetu, shimo likijaa unatia kiberiti. Mimi nipo ndani napambana na habari ya barabara ya kijijini. Mara nikasikia paa! Kishindo cha kama fataki. Nikatoka mbio. Mama kasimama mbali ameshika kifua, kaa la moto limerukia kwenye khanga yake na kuitoboa. Nashukuru Mungu halikumfika mwilini. Nilipochokoa shimoni kwa kijiti nikatoa kitu kimeungua nusu, kirefu kama kalamu nene, kina kipande cha plastiki ya rangi ya waridi kilichoponea. Nikakijua palepale. Ni vepu ya kutupa, ile unayovuta mpaka iishe halafu unatupa nzima nzima na betri yake ndani.

Haikuwa yangu. Yangu si ya aina hiyo, nitaeleza. Nyumbani tupo watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kidato cha tatu, mwenye miaka kumi na sita.

Nilimwita jioni. Sikupiga kelele. Alikiri haraka kuliko nilivyotegemea: amepewa na mwenzake shuleni, wanachangiana, ladha ya tikiti maji, ilikuwa imeshaisha ndiyo akaitupa. Nikaanza hotuba yangu ya kaka mkubwa, nikafika kama sentensi ya tatu hivi, dogo akaniangalia usoni akasema kwa upole kabisa, "Lakini kaka, wewe si unavuta?"

Jamani. Mwandishi wa habari mzima, mtu aliyewahi kumuuliza mkuu wa wilaya maswali mbele ya umati, nikakosa jibu.

Kwa hiyo leo najaribu kulijibu lile swali, hapa mbele yenu wote. Nitaanza na ukweli wangu.

Sigara nilianza chuo, mwaka wa pili, wakati wa mitihani, kwa ujinga uleule wa watu wote. Nilipoingia chumba cha habari nikafika pakiti moja kwa siku. Asubuhi nilikuwa nakohoa mpaka jirani anagonga ukuta. Kama miaka mitatu iliyopita mshikaji mmoja wa Dar, mpiga picha, akanipa kifaa chake cha zamani cha vepu. Nikaacha sigara ndani ya wiki mbili, na mpaka leo sijarudi. Hilo silisemi kumfurahisha mtu, ndivyo ilivyokuwa. Na si mimi peke yangu: watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya kitabibu na kuyapima kwa pamoja, wameshasema ushahidi ni mzito kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini husaidia wavutaji wengi zaidi kuacha sigara kuliko plasta na bigijii za nikotini. Kusaidia mvutaji kuacha sigara ni jambo moja. Kumpa mtoto ambaye hajawahi kuvuta ni jambo jingine kabisa, na biashara hii inakula kwa kuyachanganya mambo hayo mawili.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe.

Vepu nyingi, ziwe za bei chee au za kifahari, zina vitu vinne: betri, koili ya waya, utambi wa pamba na maji. Maji ni gliserini na propilini glaikoli, ladha, na mara nyingi nikotini. Betri inapasha waya, waya unapasha maji yaliyolowesha pamba, unatoka mvuke. Hon Lik, mfamasia wa China aliyekibuni kifaa cha kisasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa mvutaji mwenyewe na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Marekani kuna mtu aliomba hataza ya kitu cha namna hiyo tangu 1963, ila hakikufika sokoni.

Ukikielewa hicho umeelewa koroboi. Sitanii! Sisi tuliokulia nyumba za bibi kabla ya umeme tunajua koroboi: kopo, mafuta ya taa, utambi wa kitambaa cha pamba. Ukiubana sana utambi kwenye kale kamrija, mafuta hayapandi, unaungua mtupu na kunuka. Ukiulegeza, mafuta yanachuruzika na moto unatoa masizi. Bibi yangu alikuwa na mkono wa kupima utambi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Nilipoanza kusuka tenki langu nilimkumbuka yeye, si video yoyote ile ya mtandaoni.

Nilianza na tenki la koili za kiwandani. Koili ikiungua unaitoa unaweka nyingine, kama balbu. Tatizo ni kwamba huku kwetu haziuzwi. Unaagiza Kariakoo, zinakuja na basi, ukifungua unakuta wamekutumia za tenki jingine. Mara ya tatu nikasema basi. Nikanunua tenki la kusuka mwenyewe, lile ambalo ndani lina kitako chenye skrubu mbili, na koili unaitengeneza kwa mikono yako kwa waya na pamba.

Aliyenifundisha ni fundi wa kusuka mota hapa mjini. Nilimpelekea waya, akaucheka, "Huu mbona kama uzi wa jiko la umeme?" Na ndivyo ulivyo, wadau. Kanthal ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, na umetumika kwenye majiko na tanuri miaka mingi kabla ya vepu. Mzee yule hajawahi kuvuta kitu maishani mwake lakini ndani ya dakika tano alinieleza habari ya upinzani wa umeme kuliko nilivyofundishwa sekondari.

Nawapa jinsi ninavyofanya mimi, kwa walio tayari kwenye mchezo huu. Nachukua Kanthal ya unene wa kama milimita 0.4, nazungusha mara sita kwenye kijiti cha chuma cha milimita 3. Mizunguko ikae sambamba, isipandane. Napitisha miguu miwili ya waya kwenye skrubu, nakaza mpaka waya hautikisiki lakini si mpaka unakatika, nakata ncha kwa kikatia kucha. Ncha ikibaki ndefu ikagusa ukuta wa tenki umepata shoti. Koili ikae katikati, isiguse chuma popote. Kisha napima, kwenye kifaa chenyewe au kwa mita ya fundi. Kwa vipimo hivyo napata kama omu 0.8. Ukipata namba inayorukaruka, skrubu imelegea. Ukipata karibu na sifuri, usibonyeze kitu, fungua uanze upya.

Halafu nawasha kwa wati chache sana, nusu sekunde nusu sekunde, nione waya unavyowaka. Unatakiwa uanze kuwa mwekundu katikati na kusambaa kwenda nje. Ukiona mzunguko mmoja unang'aa kabla ya wenzake, zima, subiri, uguse taratibu kwa kibanio mpaka ukae sawa. Nasema ZIMA kwanza. Kibanio cha chuma kwenye koili yenye umeme ni shoti ya makusudi.

Pamba ndipo wengi wanaposhindwa. Mimi natumia pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha. Ile ya duka la dawa niliwahi kuichemsha na kuikausha, ikafanya kazi, lakini siku nzima ya kwanza nilikuwa kama navuta bandeji. Ipitishe ndani ya koili kwa mbano mdogo: ukiivuta iende kwa kusita kidogo bila kuipinda koili. Chana ncha zake zichambuke, zikate zifikie tu mashimo ya kupitishia maji, usizishindilie. Ukishindilia, maji hayafiki, pamba inaungua, na ule ukali kooni ndio onyo lako. Maji yakipashwa kupita kiasi kwenye pamba kavu yanazaa sumu kama fomaldehidi. Ukionja kuungua acha, usiseme ngoja nimalizie. Ukiweka pamba kidogo mno, tenki linavuja mpaka mfukoni. Iloweshe kwanza kwa matone kabla ya kufunga, na baada ya kujaza subiri dakika kadhaa.

Hapo kuna habari ya huku kwetu ambayo sijaikuta kwenye maelekezo ya mtu yeyote. Mara ya kwanza kutoka Dar na tenki langu nililijaza nusu stendi, tukapanda basi. Kupanda Kitonga nikahisi paja limelowa. Nikadhani chupa ya maji. Kufika Mbeya suruali nzima inanukia embe, abiria wa pembeni ananiangalia kama mtu aliyemwagikiwa na pafyumu ya dada yake. Sababu nikaja kuijua baadaye: Dar ni usawa wa bahari, Sumbawanga tuko kama mita 1,800 juu, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Hewa uliyoifungia ndani ya tenki kule pwani inatanuka unavyopanda, inayasukuma maji yatoke kupitia kwenye utambi. Siku hizi nasafiri na tenki tupu. Au ukilazimika, lijaze mpaka juu kabisa, hewa isibaki na nafasi.

Na baridi. Juni na Julai, upepo ukishuka kutoka Mbizi, gliserini inakuwa nzito kama asali ya asubuhi. Pamba inashindwa kuivuta kwa kasi, unapata mvuto mkavu. Dawa yake ni kuweka chupa mfuko wa ndani wa koti, au kutumia maji yenye gliserini kidogo na glaikoli zaidi. Mkazi wa Tanga hana haja ya kuyajua haya.

Usafi hauna maneno mengi. Pamba nabadilisha kila wiki, au mapema ladha ikianza kuchoka. Maji matamu sana yanaganda kwenye koili kama sukari iliyoungua sufuriani. Nikitoa pamba nauwasha waya kidogo uwe mwekundu, nazima, ukishapoa nausugua kwa mswaki wa zamani chini ya bomba. Hiyo ni kwa Kanthal. Waya wa nikeli au titaniamu usiuchome hivyo kabisa. Tenki lenyewe nalifungua lote, maji ya moto, nakausha, ile mipira ya kuzuia kuvuja napaka tone la maji ya vepu ili isikatike. Kitundu cha hewa nacho kisiachwe kijae uchafu.

Nikiwa nagusia hewa, nitoke nje ya mada kidogo. Watu wakisikia Sumbawanga wanawaza radi na uchawi, basi, teh teh teh. Lakini Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu kuliko mtu, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa urefu wake na matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia. Profesa Bertram Mapunda amefanya utafiti wa kiakiolojia kuhusu haya. Na Bonde la Rukwa huko chini lilifuma vitambaa vya pamba. Kwa hiyo mtu wa Ufipa akikaa na waya, pamba na hesabu ya upenyo wa hewa, asishangaliwe. Nimemaliza, turudi.

Betri. Hapa sina mzaha, na kama mtasahau yote mengine msisahau hili. Betri ninayotumia ni ile ya duara iitwayo 18650, ikijaa ina volti 4.2. Hesabu ni ya kidato cha pili: volti gawanya kwa omu unapata ampea. Koili yangu ya 0.8 inavuta kama ampea 5 tu, yaani wati 22 hivi. Lakini vijana wa mawingu makubwa wanasuka koili za omu 0.1, hiyo ni ampea 42, na hakuna betri ya aina hiyo inayostahimili mzigo huo kwa uhalali. Wakiiweka kwenye kile kifaa cha bomba tupu kisicho na ubongo wa kielektroniki wa kukata umeme, wamebeba bomu mdomoni. Mwaka 2018 mwanamume mmoja wa St. Petersburg, Florida, alikufa kifaa chake kilipolipuka. Mwaka 2019 mwingine akafa Fort Worth, Texas, kipande kilimkata mshipa wa shingo.

Hapa mjini niliwahi kupewa ushauri na jamaa mmoja kwamba nisihangaike kununua betri, nichomoe za kwenye laptop mbovu. Kweli zinafanana umbo, na kwenye tochi zinafaa sana. Lakini nyingi zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, si kwa kishindo.

Na mimi mwenyewe nina kovu. Mwaka jana nilitembea na betri ya akiba mfuko mmoja na funguo. Nimepakiwa kwenye bodaboda, nasikia paja linawaka, nikaruka kabla hajasimama vizuri. Funguo ziliunganisha ncha mbili za betri. Nilipoteza suruali, na paja la kushoto lina alama ya ukubwa wa sarafu. Nilimwambia mama ni mafuta ya kukaangia samaki. Sasa mama akisoma hapa... samahani mama. Siku hizi betri inakaa kwenye kisanduku cha sabuni, na ile ngozi yake ya plastiki ikichanika siiweki tena kwenye chaja.

Basi rudini nami kwenye kile kitu cha rangi ya waridi cha mdogo wangu.

Jumapili niliagiza dogo aniletee kingine kama kile kwa yule mwenzake, kilichoisha. Nikakifungua mezani kwa koleo mbele yake. Ndani mna nini? Betri ya lithiamu, ambayo nilipoipima bado ilikuwa na umeme. Kipande cha sponji kilicholowa maji. Utambi. Koili moja. Vitu vilevile vya tenki langu, ila vimezibwa ili usivione, usivisafishe, usivitengeneze. Betri ambayo ingeweza kuchajiwa mara mamia imewekwa ili itumike mara moja na kutupwa. London huko wana sehemu za kurudishia betri, na bado walishindwa: Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya watoto na kwa sababu ya takataka. Sisi wa Chanji tuna shimo na kiberiti.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tenki la kusuka linataka ujue kitu. Linataka subira, mita, bisibisi na kukosea mara tano. Mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kuyajua hayo, sikatai, wapo wajanja. Lakini hawezi kuyafanya kwa siri chooni wakati wa mapumziko. Kile cha kutupa hakitaki chochote. Ukitoa kwenye boksi unavuta. Kina ladha ya pipi, hakinuki kwa mwalimu, kinaingia kwenye soksi. Aliyekibuni alikuwa anajua anamtafuta nani.

Serikali yetu nayo ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, na ilikuwa kelele kubwa, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2017. Uganda kwa sheria yao ya 2015 walizuia vepu zote na shisha kwa pamoja. Yetu kubwa ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003. Iliandikwa ikiwaza sigara na jani la tumbaku, jani ambalo Mpanda, waliokuwa mkoa mmoja nasi hadi 2012, wanalilima na kuishi kwalo. Inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Mwaka 2021 usimamizi wa bidhaa za tumbaku ukakabidhiwa TMDA. Sawa. Lakini ninachokiona mimi ni vepu zinauzwa Instagram, zinaletwa na bodaboda, hakuna anayeuliza umri wa mtu. Mimi nasema hivi: za kutupa zipigwe marufuku kabisa, leo, bila semina. Za kujaza na za kusuka ziuzwe kwa watu wazima, dukani, chupa ziandikwe kiwango cha nikotini na ziwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, maana nikotini ya maji ni sumu, chupa moja ikimiminwa na mtoto mdogo ni msiba.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu. Alipolisikia pendekezo langu hilo alicheka mpaka akavua miwani. "Baba," akaniambia, "unataka sheria ikate pale pale inapoishia tabia yako." Nikamjibu kwa takwimu. Nikamwambia Waingereza mwaka 2015 walikadiria vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara. Akaniuliza wamewafuatilia wavutaji miaka mingapi. Nikamwambia yale magonjwa ya mapafu ya Marekani ya 2019, yaliyofikisha wagonjwa 2,807 na vifo 68 hadi Februari 2020, chanzo chake kikuu kilikuwa asetati ya vitamini E kwenye maji ya bangi ya mtaani, si vepu ya kawaida. Akasema vizuri, na wewe maji yako yanachanganywa na nani, wapi? Lebo inasema embe. Embe gani?

Hapo kanishika. Ladha nyingi zimepimwa kwa kula, si kwa kuvuta pumzi. Kuna ile ya siagi, diasetili, iliyowaumiza mapafu wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, na ukiila haina neno. Kwa hiyo sisemi vepu ni salama. Nasema kwa mtu aliyekuwa anachoma pakiti moja kwa siku, imenipunguzia. Kwa mapafu masafi ya dogo haipunguzi kitu, inaongeza tu.

Na kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa mchezo huu hatupendi kulitamka. Kusuka kunanoga. Jumamosi jioni, meza safi, waya mpya, pamba nyeupe, unatengeneza kitu kinafanya kazi. Nilianza ili niache sigara, sasa nina kisanduku cha vifaa kama fundi saa. Je, nimeacha au nimehamia? Kwa nikotini nilianza na miligramu 12, niko 3. Hilo ni kweli. Lakini nikijisikiliza vizuri, navuta mara nyingi zaidi kuliko zamani, kwa sababu hakuna pakiti inayoisha kunikumbusha.

Basi jibu nililompa mdogo wangu. Nilimwambia: ndiyo, navuta. Nilianza nikiwa mkubwa kwako kwa miaka minne tu na bado sijatoka. Hiki kifaa ni gongo la mtu aliyevunjika mguu, wewe mguu wako mzima, usiliombe. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa mguu wako unapona lini?"

Watoto wa siku hizi!

Mama hatujamwambia chanzo cha mlipuko. Anaamini ni kopo la dawa ya mbu. Najua si haki, na khanga nimemnunulia nyingine. Dogo ameniahidi, na ahadi ya mtu wa miaka kumi na sita naipima kama ninavyopima ahadi ya mgombea, ila nimeongea na mwalimu wake wa darasa bila kutaja majina, na ile bidhaa inauzwa na kijana ambaye nimeshajua anakaa wapi. Hiyo habari naiandika gazetini, kwa taratibu zake, nikipata upande wa pili.

Jana usiku dogo alinikuta nabadilisha pamba. Umeme ulikuwa umekatika, akanishikia tochi ya simu. Hakuomba kujaribu. Aliangalia tu nilivyokaza skrubu, akasema koili imeinama upande wa kulia. Ilikuwa kweli.

Kwenye rola nina waya wa kutosha koili kumi hivi, ukitunza vizuri ni miezi kadhaa. Sijaagiza mwingine.